Siku Moja ya Kuvua Samaki kando ya Ziwa Moero

1. Ziwa Moero

Watoto wa Lubumbashi huona samaki sokoni siku zote. Katika soko la Kenya samaki hupangwa juu ya meza na ndani ya vikapu: wabichi, wakavu, na wale waliobanikwa kwa moshi. Mama huuliza bei, huchagua, hulipa, kisha hurudi nyumbani kupika. Lakini ni watoto wangapi wanaojua samaki yule alitoka wapi, na nani alimvua, na kwa kazi gani?

Samaki wengine hutoka mbali sana, hata baharini. Wengine hutoka katika mto Luapula na ziwa Moero, ambalo watu wa Zambia huliita Mweru. Ziwa hilo liko kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, mpakani mwa Kongo na Zambia. Urefu wake ni kadiri ya kilometa 120, na upana wake karibu 50. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini. Upande wa kaskazini, karibu na Pweto, maji hutoka tena kwa jina jipya, Luvua, nayo huenda kuingia katika Lualaba. Na Lualaba ndio mto ule ule unaoitwa Kongo huko mbele.

Mwezi wa Novemba mwaka 1867 msafiri David Livingstone alifika kwenye ziwa hilo. Lakini wenyeji walikuwa wakivua humo tangu zamani za mababu.

2. Safari na kambi

Mwezi wa Agosti, wakati shule zimefungwa, ndugu wawili wa Lubumbashi walikwenda kumwona mjomba wao, mvuvi wa upande wa Kilwa. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo miaka kumi. Walipanda kamyo pamoja na magunia ya unga na masanduku ya sabuni. Njia ya Kasenga ni ndefu, inapita kilometa 200, na wakati wa kiangazi vumbi lake ni jekundu. Toka Kasenga barabara huendelea kaskazini. Walipofika Kilwa, hata kope za macho zilikuwa nyekundu.

Mkubwa alikuwa na neno moyoni. Mwezi wa Septemba alitazamiwa kuingia shule ya sekondari. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni bila malipo, lakini sekondari hulipiwa. Baba yao, mfanyakazi wa reli, alikuwa amesema: “Mwanangu, nusu ya feza ninayo. Nusu nyingine tutaitafuta.” Mjomba aliposikia habari hiyo alijibu: “Basi njoo tuvue pamoja. Katika samaki tutakaowabanika, fungu moja litakuwa la shule yako.”

Wakati wa kiangazi mjomba hakai kijijini. Huhamia mchangani, kando ya ziwa, akapiga kambi pale pamoja na wavuvi wenziwe. Kambi yake ilikuwa hivi: kibanda cha matete chenye turubai juu yake, mafiga matatu ya kupikia, mtumbwi mmoja, na kichanja cha kubanikia samaki. Ndani ya kibanda kilitundikwa chandarua, maana mbu wa ziwani ni wengi na malaria haina huruma.

Tena palikuwa na mbwa wawili. Mmoja aliitwa Simba. Alikuwa mzee, mwenye sikio moja lililopasuka. Wa pili aliitwa Mwepesi, mbwa kijana asiyeweza kutulia. Wote wawili walikuwa wamechanjwa wasipate kichaa cha mbwa.

Mdogo aliuliza: “Mjomba, mbwa hawavui samaki. Wanafanya kazi gani hapa?”

Mjomba akacheka. “Mwipwa wangu, sisi huvua, wao hulinda. Usiku fisi-maji hutoka ziwani kuiba. Kenge huja mchana. Ndege wako juu siku zote. Mvuvi asiye na mbwa huwabanikia wezi.”

Kisha akawapa amri tatu. Ya kwanza: mtu asiingie penye matete, wala asioge penye maji yaliyotulia, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya konokono waletao kichocho. Ya pili: jua likishuka, hakuna mtoto kukaribia maji. Ya tatu: mbwa akikataa kupita mahali, hata mtu asipite.

3. Asubuhi

Alfajiri mjomba aliwaamsha. Wakafanya ishara ya msalaba, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria. Nje kulikuwa na baridi. Wakaota moto, wakala mihogo ya jana.

Mashariki, upande wa Zambia, mbingu ikaanza kuwa nyeupe, kisha nyekundu. Mara jua likatoka kama linatoka ndani ya maji. Nyuma yao, milima ya Kundelungu ikapata rangi. Ndege tai wa ziwani akalia mara mbili.

Mjomba na mwenzake waliingia mtumbwini. Jioni ya jana walikuwa wametega nyavu, na sasa walikwenda kuzitoa. Nyavu za namna hiyo hazikokotwi. Husimama majini kama ukuta, zenye maboya juu na mawe chini. Samaki huja usiku, hasioni, hutia kichwa katika tundu, hunaswa. Samaki mdogo hupita katika tundu akaenda zake. Kwa hiyo matundu ya wavu ndiyo huchagua. Mwenye wavu wa matundu makubwa huvua samaki wazima. Mwenye matundu madogo huvua wazima pamoja na watoto wao.

Watoto walibaki ufukoni na ndoana. Mjomba alikuwa amewafundisha kazi. Kila mmoja alikuwa na mshipi wa nailoni uliozungushwa juu ya kijiti, ndoana moja, na jiwe dogo la kuzamisha. Chambo kilikuwa mnyoo, au donge la bukari lililokandwa vizuri. Mvuvi wa ndoana huzungusha mshipi, huutupa mbali, kisha hukaa kimya akiushika kwa kidole. Samaki akigusa, kidole husikia. Lakini asivute upesi. Mguso wa kwanza ni wa kuonja. Wa pili ndio wa kumeza.

Mdogo alivuta upesi mara nne, akapata mnyoo uliokatika. Mara ya tano akangoja. Mshipi ukakazika, akavuta, kumbe ni kambale mnene mwenye ndevu! Akapiga kelele za furaha, na Mwepesi akarukaruka pande zote.

Hapo likatokea jambo. Mdogo alikuwa ameweka chini ndoana ya akiba yenye chambo. Mwepesi akasikia harufu, akafungua kinywa. Simba hakusogea, lakini kaka mkubwa aliona, akamshika Mwepesi shingoni na kumnyang’anya. Mbwa akimeza ndoana, anaweza kufa. Tangu saa ile kila ndoana isiyo kazini ilichomekwa katika gunzi la hindi na kutundikwa juu ya kibanda.

4. Samaki mwenye watoto kinywani

Jua lilipopanda, mtumbwi ulirudi. Samaki hawakuwa wengi. Walitolewa mmoja mmoja katika wavu. Wengi walikuwa pale, samaki mpana mwenye nyama tamu, apendwaye sana Lubumbashi.

Mjomba alimshika pale mmoja jike, akamtazama taya. Akamwita mdogo: “Njoo uone.” Akamfungua kinywa kidogo tu. Ndani yake mlijaa vitoto vya samaki, vidogo kuliko punje za mchele, na kila kimoja kilikuwa na macho mawili meusi.

“Anawala watoto wake!” alisema mdogo kwa hofu.

“Hapana, anawalinda. Dume la pale huchimba kiota mchangani, penye maji haba. Jike hutaga mayai pale, kisha huyachukua yote kinywani mwake. Mayai huanguliwa humo. Hata vitoto vikiisha toka na kuanza kuogelea, hatari ikija hurudi mbio kinywani mwa mama. Siku hizo zote mama hali vizuri, maana kinywa chake ni nyumba.”

Mjomba akainama, akamrudisha samaki yule ziwani taratibu. Samaki akakaa kidogo bila kusogea, kisha akapiga mkia, akazama.

Kaka mkubwa hakusema kitu, lakini uso wake ulibadilika. Alikuwa amehesabu samaki wote, na yule alikuwa mkubwa kupita wenziwe. Moyoni alisema: “Hiyo ilikuwa feza ya shule yangu.”

Mchana ulikuwa wa kazi. Samaki walipasuliwa, wakasafishwa, wakapangwa juu ya kichanja. Chini yake uliwashwa moto wa moshi mwingi na ndimi chache, kwa kuni zisizokauka sana. Moto mkali huunguza nje na kuacha ubichi ndani; moshi wa polepole hukausha mpaka mfupani, na samaki wa namna hiyo anaweza kufika Lubumbashi bila kuoza. Vichwa vilipikwa pamoja na bukari kwa ajili ya mbwa. Miiba mikubwa ilizikwa mbali na kambi. Simba alilala kivulini chini ya mtumbwi, jicho moja limefumbwa na jingine likitazama kichanja.

5. Shauri baya

Alasiri mjomba alikwenda Kilwa kununua chumvi. Alipoondoka, mtu mmoja wa kambi ya pili alikuja. Alikuwa na chandarua begani, si cha kulalia, bali kilichofungwa kamba na mawe kama wavu.

Alimwambia kaka mkubwa kwa sauti ndogo: “Nimesikia unatafuta feza ya shule. Unaona ile ghuba ndogo nyuma ya matete? Imejaa samaki. Jioni tutakokota mara mbili tu. Nusu yako, nusu yangu. Mjomba wako hatajua.”

“Samaki gani?” aliuliza kijana.

“Wadogo. Lakini wadogo wengi hujaza kikapu.”

Kijana alitaka kukataa. Akakumbuka maneno ya baba: nusu ninayo. Akakumbuka samaki mkubwa aliyerudishwa majini. Akajibu: “Nitakuja.”

Kuna mambo mawili mabaya katika shauri hilo, na kijana aliyajua yote mawili. La kwanza, chandarua hutolewa ili watoto walale salama, wasiumwe na mbu wa malaria. Kikienda ziwani, kuna mtoto anayelala bila kinga. La pili, matundu ya chandarua ni madogo mno. Hata samaki aliyezaliwa juzi hapiti. Penye maji haba ndipo samaki wadogo hukaa na kukua; mtu akikokota chandarua pale, huvuna shamba ambalo bado ni mbegu.

6. Simba akataa kupita

Jua lilishuka nyuma ya milima. Mdogo alikuwa akichochea moto. Kaka yake aliondoka polepole, akapita nyuma ya kibanda, akashika njia ya matete. Hakutazama nyuma. Lakini nyuma yake Simba aliinuka, akajinyoosha, akamfuata bila sauti.

Ghuba ilikuwa kimya. Mtu wa chandarua alikuwa hajafika. Kijana aliona maji yametulia kama kioo, na mita chache toka ufukoni kigogo kimoja cheusi kikielea. Akavua viatu. Akakunja suruali.

Simba akapita mbele yake na kusimama ukingoni. Manyoya ya shingo yake yakasimama. Hakubweka, aliguna kwa sauti ya chini, kama jiwe linalosagwa.

“Ondoka, Simba,” alisema kijana, akamsukuma kwa goti. Mbwa hakuondoka. Alijitia tena kati ya miguu ya kijana na maji, na sasa akabweka kwa nguvu, mara nyingi, akirudi nyuma hatua moja moja na kumsukuma kijana pamoja naye.

Hapo kijana akakumbuka amri ya tatu. Akatazama tena kigogo kile. Maji hayakuwa na mkondo wala upepo haukuvuma, lakini kigogo kilikuwa kimesogea. Kilikuwa karibu zaidi. Kisha kikazama bila kutoa sauti.

Kijana alimshika Simba kwa ngozi ya shingo, wakakimbia wote wawili mpaka juu, mchanga mkavu ulipo. Viatu vilibaki. Nyuma yao maji yalipasuka mara moja, kichwa kirefu kikaonekana ukingoni, kikarudi chini. Mtu wa chandarua, aliyekuwa anakuja kwa njia nyingine, aliona pia. Akageuka akaenda zake bila kusema neno.

7. Habari ya mpumbu

Mjomba alirudi usiku na chumvi yake. Alimkuta mwipwa wake amekaa karibu na moto, peku, na mkono juu ya kichwa cha Simba. Kijana angeweza kusema uongo, kwa kuwa hakuna aliyemwona ila yule mtu. Lakini alisema yote: chandarua, ghuba, nusu kwa nusu, na mamba.

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akasema: “Simba alikuwa na ndugu yake. Mamba alimchukua pale pale, miaka sita iliyopita. Ndiyo maana hasahau.” Akaongeza: “Mamba umemwona. Sasa sikiliza habari ya hatari nyingine isiyo na meno.”

Akawaeleza habari ya mpumbu. Zamani samaki huyo alikuwa mwingi sana katika ziwa Moero na mto Luapula. Majira ya mvua, maji yalipopanda, mpumbu walitoka ziwani kwa makundi makubwa wakapanda mto kwenda kutaga mayai. Wakati ule Lubumbashi ilikuwa ikiitwa Élisabethville, jina lake mpaka mwaka 1966. Wafanyakazi wa migodi ya shaba walikuwa wengi, nao walihitaji chakula. Huko Kasenga walikaa wafanyabiashara Wagiriki wenye mashua, barafu na magari ya mizigo. Samaki walisafirishwa mjini siku zote.

Njia rahisi ya kuvua mpumbu ilikuwa kuwangoja mtoni walipopanda kutaga. Nyavu zilitegwa njiani mwao. Samaki walikamatwa tumbo limejaa mayai, na hata mayai yenyewe yaliuzwa. Kila mwaka watu walidhani kwamba mwaka ujao watakuja tena. Katika miaka ya 1940 walianza kupungua. Ilipofika mwaka 1950 hivi, makundi yale makubwa hayakuwapo tena. Wavuvi wakageukia samaki wengine, kama pale. Mpumbu hawakwisha kabisa, lakini wingi ule wa zamani haukurudi.

“Nani aliwamaliza?” aliuliza mdogo.

“Hakuna mtu mmoja,” alijibu mjomba. “Kila mmoja alichukua kidogo chake, na kila mmoja alikuwa na haja ya kweli. Huyu alitaka chakula, huyu mahari, huyu feza ya shule. Wazee husema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Ng’ambo, nchini Zambia, serikali hufunga uvuvi kila mwaka toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kutaga. Lakini askari hawezi kusimama katika kila ghuba. Mlinzi wa ghuba ni dhamiri ya mtu.”

Kaka mkubwa akauliza kwa sauti ndogo: “Mjomba, na shule yangu?”

“Shule yako ni neno la haki. Hukukosa kwa kuitaka. Ulikosa njia. Kesho tutatega nyavu mbali zaidi, nawe utaingia mtumbwini pamoja nami, maana una mikono ya mtu mzima. Kazi itakuwa ngumu. Kama haitoshi, nitamwandikia baba yako, tutaongeza. Lakini hatutalipa kwa watoto wa pale.”

8. Tobia na mbwa wake

Kabla ya kulala, mjomba aliwakumbusha habari ya Tobia, iliyomo katika Kitabu Kitakatifu. Baba yake Tobia alikuwa kipofu na maskini. Akamtuma mwanawe safari ya mbali, kwenda kuchukua feza aliyoiweka kwa mtu mmoja katika nchi ya Media. Malaika Rafaeli akafuatana naye kwa umbo la kijana, wala Tobia hakujua kwamba ni malaika. Na mbwa wake Tobia akawafuata.

Jioni ya kwanza walipiga kambi kando ya mto Tigri. Tobia aliposhuka majini, samaki mkubwa alimrukia. Tobia aliogopa, lakini malaika alimwamuru amshike. Akamshika, akamvuta ufukoni. Akatoa nyongo, moyo na ini, akaviweka kama alivyoambiwa. Sehemu ya nyama wakaila, nyingine wakaitia chumvi kwa safari. Mwisho wa safari Tobia alimpaka baba yake nyongo ile machoni, na baba akaona tena. Na mbwa alirudi pamoja nao nyumbani.

“Oneni,” alisema mjomba. “Tobia alivua samaki mmoja, akamtumia vizuri. Alimtii aliyejua zaidi kuliko yeye. Na Mungu hakumdharau mbwa. Alimwacha aende safari moja na malaika.”

Mdogo alisinzia. Kaka yake alifunga chandarua vizuri pande zote. Nje, Simba alizunguka kichanja mara moja, akalala mlangoni. Mwepesi alilala karibu naye, na kwa mara ya kwanza siku ile akatulia.

Walikaa siku kumi na mbili zaidi. Siku nyingine nyavu zilileta samaki wengi, siku nyingine wachache. Walipopanda kamyo kurudi Lubumbashi, walikuwa na vikapu vitatu vya samaki waliokauka vizuri. Sokoni vikapu viwili vilitosha kulipa sehemu kubwa ya nusu iliyokosekana, na baba aliongeza iliyobaki. Kikapu cha tatu mama alikigawa kwa jirani, akabakiza kiasi cha kupika na sombe.

Mkubwa aliingia shule bila viatu vyake vya zamani. Vilibaki huko ghubani.

Maneno

Kubanika: kukausha samaki au nyama juu ya moshi.
Kichanja: meza ya miti ya kukaushia au kubanikia vitu.
Chambo: chakula kinachotiwa katika ndoana ili kumvuta samaki.
Boya: kitu kinachoelea, kinachoshika wavu juu ya maji.
Gunzi: hindi lililokwisha kupukuchuliwa.
Ghuba: mahali maji yanapoingia ndani ya nchi kavu.
Kukokota wavu: kuvuta wavu mpaka ufukoni, ukibeba vyote vilivyomo.
Mwipwa: mtoto wa dada.
Dhamiri: sauti ya moyoni inayotuonya mema na mabaya.

Maulizo

1. Mto gani huingia katika ziwa Moero? Ukitoka Pweto huitwaje?
2. Mbwa wa mjomba walifanya kazi gani kambini?
3. Taja amri tatu za mjomba. Ipi iliokoa maisha ya kijana?
4. Mvuvi wa ndoana akisikia mguso wa kwanza, afanye nini?
5. Kwa nini ndoana zilichomekwa katika gunzi?
6. Pale jike hulindaje watoto wake?
7. Kwa nini ni vibaya kuvua samaki kwa chandarua? Toa sababu mbili.
8. Mpumbu walikamatwa wakati gani hasa? Matokeo yake yalikuwa nini?
9. Kijana alifanya kosa gani, na alifanya jambo gani jema baada yake?
10. Mjomba alisema: “Hukukosa kwa kuitaka. Ulikosa njia.” Eleza maana yake.

Kazi

Nenda sokoni pamoja na mama au dada. Uliza majina ya samaki watatu na mahali walikotoka. Tazama kama ni wazima au watoto. Andika ulichoona kwa mistari kumi, kisha kisome mbele ya darasa.

Shika neno hili

Anayemwacha samaki mama leo, humlisha mtoto wake kesho.